Kwa Yaya uliye Kampala: mama hakufa hivyo

Yaya,

Ile video ya mahubiri yako imenifikia huku Goma, kaka yangu mkubwa. Hukunitumia wewe. Imeletwa na binti wa shangazi, na chini yake kaandika "mama yetu jamani" pamoja na vile vikatuni vya kulia. Niliitazama nikiwa kazini, nikaizima, usiku nikaitazama tena hadi mwisho. Suti imekupendeza, sikatai. Watu wamejaa kwenye viti vya plastiki, wanapiga makofi, nawe unawaambia kwamba mama yetu alikufa "akikiri uzima hadi pumzi ya mwisho", kwamba katika ugonjwa wake wote hakukitaja kifo hata siku moja, na kwamba hilo ndilo tumaini la Mkristo.

Nilitaka kukupigia. Kisha nikasema hapana, kayasema mbele ya watu, acha nami nimjibu mbele ya watu. Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma hadi mwisho.

Mama alikitaja kifo, Yaya. Alikitaja mara nyingi, bila kupandisha sauti, tukiwa tunachambua maharage au ninamsugua mgongo. Alikitaja hasa usiku, ninyi mkishaondoka. Asiyetaka kukisikia ulikuwa wewe.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya sare? Wewe huenda umeisahau, kwa sababu kwako ilikuwa siku ya maombi kama siku nyingine. Mimi siisahau. Asubuhi yake mama aliniomba nitoe sandukuni kikwembe cha sare ya akina mama wa parokia, kile cha buluu chenye picha ya Bikira Maria, pamoja na blauzi yake. Akaniambia niwashe makaa, nipige pasi vizuri, nisiache kunyanzi. Nikapiga pasi. Nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pale ambapo angeiona akiwa amelala. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Sawa. Sasa lete daftari."

Daftari la madeni ya sambaza, wale dagaa wa ziwani aliokuwa akiuza, unalijua. Akaanza kunisomea majina, nani ana deni, nani amelipa nusu. Wengine aliniambia niwadai. Wengine aliniambia niwaache, "huyu ana yatima, futa." Nilikuwa nafuta kwa kalamu. Tulikuwa katikati ya daftari mlipoingia, wewe na waombezi wako, mmetoka kwenye mkesha, sauti zimekauka, macho mekundu. Ukaiona sare. Ukauliza, "Hii ni ya nini?"

Mama akajibu, "Ni ya safari yangu, mwanangu. Ngoja kwanza nimalize na mdogo wako."

Hukungoja. Uliishusha sare kutoka msumarini kwa mkono mmoja, ukasema, "Nakataa! Roho ya mauti, nakataa!" na wale wenzako wakapokea kwa kelele. Ukaniambia mimi ndiye ninayemfungulia shetani mlango. Ukaikunja sare ovyo, ukaitia kwenye mfuko wa plastiki, ukampa yule mwombezi mrefu aende nayo, mpaka leo sijui aliitupa wapi. Halafu ukapiga magoti kando ya godoro, ukamshika mama mkono, ukamwambia, "Mama, sema amina."

Akasema amina.

Tangu siku ile, kila mlipokuja, hilo ndilo neno alilowapa. Ukimuuliza kama anapona, amina. Ukimuuliza kama anaamini, amina. Hata maumivu alikuwa anayaficha mpaka mtoke, kwa sababu ukimwona anakunja uso ulikuwa unauliza imani yake imekwenda wapi. Daftari hakuligusa tena. Nilipomletea alisema, "Acha, mwanangu, kaka yako ataumia." Ndivyo mama alivyokuwa akikiri uzima. Alikuwa anakutunza wewe.

Na tukamzika na gauni jeupe mliloleta ninyi. Akina mama wa parokia walisimama pale makaburini Makao wamevaa sare zao, wote, na mwenzao ndani ya sanduku hana. Waliniuliza mimi. Hawakukuuliza wewe, kwa sababu wewe ulikuwa na kipaza sauti.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe la tumaini, maana umelihubiri kwa saa nzima na mimi sikusoma shule ya Biblia. Lakini Biblia ninayo, ile ile ya mama yenye jalada la zipu.

Unapenda Waebrania 11. Umeisoma hapo kwenye video, "imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo", ukaruka kwa Ibrahimu, ukaruka kwa Musa na bahari. Umeuruka mstari wa 22. Nakuandikia: "Kwa imani Yusufu, alipokuwa karibu na kufa, alitaja habari za kutoka kwao wana wa Israeli, akaagiza kwa habari ya mifupa yake." Yusufu huyu aliota ndoto, alitoka gerezani akatawala Misri, aliwaokoa watu na njaa. Mwandishi wa Waebrania angeweza kuchagua lolote kati ya hayo. Akachagua mzee anayekufa anayetoa maagizo ya mazishi! Na anaiita hiyo imani. Yusufu hakusema "sitakufa". Katika Mwanzo 50 anawaambia ndugu zake waziwazi kwamba anakufa, kisha anasema Mungu atawajia bila shaka, nanyi mtaichukua mifupa yangu kutoka huku. Musa akaibeba siku ya kutoka. Ikazikwa Shekemu, mwisho kabisa wa kitabu cha Yoshua. Hebu fikiria, Yaya, watu wanatembea jangwani miaka 40 na sanduku la mifupa, kwa sababu mtu mmoja alipokuwa anakufa aliachiwa amalize kusema.

Ungekuwa pale, ungemwambia Yusufu anakiri mauti.

Na Bwana wetu mwenyewe? Juu ya msalaba alimpangia mama yake nani atakaa naye. Usiku wa kabla yake aliwaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na hakuna aliyemkemea zaidi ya kulala usingizi. Kwa Lazaro alilia, wakati alijua atamfufua dakika chache mbele. Paulo naye hakuwaandikia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaandikia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Huzuni kaiacha palepale ilipo.

Kuhusu Yeremia 29:11, nisikuchoshe. Ulilibandika andiko hilo ukutani kwa mama, kalenda ile kubwa, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Zuri sana. Lakini ni barua kwa waliohamishwa utumwani Babeli, na mstari wa 10 unasema miaka 70 ndipo warudi. Watu wazima walioandikiwa ile barua walifia Babeli karibu wote, na ndiyo maana juu kidogo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Aliyesema mambo yataisha kwa miaka miwili alikuwa Hanania, sura ya 28, nabii mwenye sauti, akisema mbele ya makuhani na watu wote. Yeremia alipomsikia alijibu "Amina, Bwana na afanye hivi." Naye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa.

Nabii wenu si alisema mama angesimama kabla ya mwezi kwisha? Halafu baada ya mazishi akasema kulikuwa na mtu nyumbani mwenye mashaka. Mtu huyo nilikuwa mimi, kila mtu alielewa, hata watoto. Nilipita pale kanisani kwenu kuchukua viti vya matanga, wanawake wawili wakanyamaza.

Ndiyo, nilikwenda kwa seremala kuuliza bei ya sanduku mama akiwa bado hai. Sikuficha wakati ule na sifichi sasa. Daktari alikuwa ametuita wote wawili barazani akatueleza ugonjwa umefika wapi. Wewe ulisema "hiyo ni ripoti ya wanadamu", ukaingia ndani kuomba. Mimi nilibaki nikamuuliza dawa ya maumivu inapatikana wapi na mtu anaitumiaje. Nani alikuwa analala sakafuni karibu na lile godoro? Nani alikuwa anaenda Birere kutafuta ile dawa, akirudi anaambiwa amechelewa kwenye maombi? Nilipouliza bei ya sanduku nilijua sitakuwa na pesa kwa siku moja, nikaanza kulipa kidogo kidogo, na siku ilipofika watu hawakukaa matanga wakichangisha chini ya shitingi, yaani turubai, kama mama alikuwa hana watoto. Kama hiyo ni kukosa imani, basi nilikosa imani ili wewe upate mahali pa kuweka shada. Ningeambiwa nirudie, ningerudia vilevile, na sare ningeificha kwa jirani.

Naona nimepandisha sauti. Wasomaji mnisamehe, huyu ni kaka yangu.

Maana usidhani sikujui, Yaya. Mimi ninayekuandikia haya ndiye uliyenibeba mgongoni Januari 2002, volkano ilipolipuka, tukienda Gisenyi ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mji unawaka nyuma yetu. Nililia njiani kwa sababu ya viatu, ukaniambia utaninunulia vingine vyenye taa, na ukaninunulia kweli, sijui pesa ulitoa wapi. Na tuliporudi, jiwe bado lina joto, moshi unatoka kwenye nyufa, mama alikaa chini akashindwa kuinuka. Wewe ulipanda juu ya lile jiwe jeusi na malapa yako yanayeyuka, ukahesabu hatua kutoka kwenye ukuta wa jirani uliobaki nusu, ukasema, "Nyumba imeungua. Jiko lilikuwa hapa. Hapa tutaanzia." Ukachomeka mti. Majirani waliokuja kugombea mipaka baadaye walikuta mti wa mtoto wa miaka 14, na parsele, kiwanja chetu, ikabaki yetu.

Siku ile hukusema "nyumba haikuungua kwa jina la Yesu". Ulisema imeungua, kisha ukapima. Kanisa kuu lenyewe la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limekwenda na lava, na Jumapili watu waliomba mahali pengine. Hakuna aliyeona haya kusema limekwenda. Ndiyo maana nakushangaa. Tumaini nililojifunza mimi nilijifunza kwako, juu ya lile jiwe, nikiwa na miguu mitupu. Halafu ulikwenda wapi? Nani alikwambia Mungu anaudhika tukisema kilichoungua kimeungua?

Mume wangu anasema ulikuwa unaogopa. Kwamba ulishamzika baba ukiwa kijana, hukuweza kuzika tena, ndiyo ukageuka sauti tupu. Inawezekana. Lakini hata mimi nilikuwa naogopa, na mimi sikumnyang'anya mtu nguo yake.

Kuna mtoto wa mji huu ambaye najua hamtaki kumsikia huko kwenu, kwa kuwa mambo ya wenye heri ninyi mnayaita sanamu. Acha nimtaje hivyohivyo. Floribert Bwana Chui, kazaliwa hapahapa Goma mwaka 1981, alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Wakamletea mchele ulioharibika upite, na rushwa mkononi. Akakataa, kwa sababu watu wangekula ule mchele. Julai 2007 wakamteka, wakamtesa, wakamuua, ana miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri Roma tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Siku hiyo huku uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa tangu vita vilipoingia mjini Januari, benki zimefungwa, na sisi tulikaa kwenye simu tunagawana bando ili tuone. Mama mmoja wa shirika letu alilia akasema, "Mchele wenyewe wangekula watoto wangu." Sikiliza alivyosema. Mchele. Huyo kijana hakukemea mauti, wala hatuna habari kwamba alitabiri kuponywa. Alikuwa na karatasi za kutia sahihi na hakutia.

Ule ulikuwa mwaka wa Jubilei, kaulimbiu yake Mahujaji wa Matumaini, na barua ya Papa Fransisko ya kuutangaza ilianza na maneno ya Warumi 5, "tumaini halitahayarishi". Nilicheka peke yangu kanisani, Mungu anisamehe. Mahujaji tulikuwa kweli, na magodoro kichwani. Zile siku za mwisho wa Januari, maji yamekatika, umeme hakuna, tumelala chini ya kitanda na watoto, wewe ulipiga simu ikashika mara moja tu, ukaniambia, "Tamka ushindi." Nilikata. Ulidhani ni mtandao. Nilikata kwa sababu jirani alikuwa anabisha, na kubisha kwa saa ile si jambo la kawaida. Alikuwa ameleta nusu dumu ya maji ya ziwa, keshayachemsha. Yeye mwenyewe hajui kama mumewe yuko hai. Simjui dini yake vizuri, nadhani ni Mwadventista. Alisema tu, "Kesho nitajaribu tena," akarudi kwake akiinama ukutani.

Sijui kama umewahi kumhubiri mtu kama huyo pale Kampala. Naambiwa wakimbizi wengi wa kwetu wanakuja kwako. Nafurahi, nasema kweli. Mtu aliyetoka Sake na kifurushi kimoja anahitaji mahali pa kuimba, na wewe unaimbisha vizuri tangu utoto. Ila kati ya hao wapo wenye wagonjwa ndani. Wapo wazee wanaotaka kusema wazikwe wapi, shamba la Masisi ni la nani, deni liko kwa nani. Waache wamalize, Yaya. Ukitaka kuomba, omba baada ya daftari. Nakuomba kama mdogo wako, na kama mtu aliyekaa na nusu ya daftari hadi leo. Yule mama wa Katindo alikuja matangani mwenyewe, akasema ana deni la marehemu lakini walikuwa wamepatana jambo. Walipatana nini? Nilimwambia aende kwa amani. Wengine walikuja wakidai mama ndiye mwenye deni lao. Nililipa. Wewe ulishaondoka.

Na hiyo video, itoe. Au uiache, lakini pale unaposema hakukitaja kifo, pafute. Ukitaka ushuhuda wa mama, nakupa mmoja wa kweli. Usiku mmoja, wiki ile ya mwisho, nilimuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa kidogo, hasa kukosa pumzi. Kisha akasema, "Lakini Yule aliyenikuta kwenye ile lava atanikuta tena." Akaniuliza kama umekula. Uliondoka mchana ule bila kula, ulikuwa unafunga kwa ajili yake. Akaniambia nikuwekee sombe, kisamvu, kwenye sahani yenye kifuniko. Nilikuwekea. Ulikuja kesho yake ukaila baridi, umesimama, ukasema ina chumvi nyingi.

Nimemaliza yangu. Limebaki la kaburi. Msalaba wa mbao umeoza na mvua za huku, herufi hazisomeki, kwa hiyo nimezungumza na fundi wa Makao atengeneze kidogo kwa jiwe na saruji. Anataka nusu ya pesa kabla ya kuanza. Sehemu yangu iko tayari. Yako itume kwa simu kabla ya Ijumaa, kwa sababu benki unajua hali yake. Tutaandika jina lake, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa 2024, na chini Waebrania 11:22, bila maneno, nafasi ni ndogo. Usiseme ni mshale niliokurushia. Ni andiko la Biblia, na Biblia ni ya wote. Kama una andiko lingine niambie kabla fundi hajachonga, ila ukileta Yeremia 29:11 utalipia na mstari wa 10.

Mdogo wako